Sarafu, Sahani au Kodi ya Chumba: Mkristo wa Malindi Amsaidie Vipi Asiye na Makao?

Kwamba Mkristo anapaswa kumsaidia mtu asiye na pa kulala ni jambo lisilo na mjadala, kwa maana lilikwisha kuamuliwa katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, pale Mfalme anapowaambia walio mkono wake wa kuume, "Nalikuwa na njaa, mkanipa chakula, nalikuwa na kiu, mkaninywesha, nalikuwa mgeni, mkanikaribisha." Lililobaki ni namna ya kufanya hivyo, na hapo ndipo waumini wengi wanaponyamaza. Mtu wa Malindi aliyejipangia kutoa shilingi 3,000 kila mwezi anaweza kuzigawa sarafu kwa sarafu kwa wale wanaolala kwenye vibaraza vya maduka, anaweza kuwalisha watu chakula, anaweza kuzitia katika mfuko wa kanisa lake, na anaweza pia kuzifanya kodi ya chumba cha mtu mmoja. Zote ni sadaka na zote zina maandiko ya kuzitetea, lakini hazimfikishi mhitaji mahali pamoja. Ninazipima hapa kwa kile kinachomfikia mhitaji, muda kinaodumu, heshima anayobaki nayo, na kile ambacho njia yenyewe inamdai mtoaji. Niseme mapema kwamba naegemea upande mmoja: kati ya njia mbili zenye gharama sawa, nitaichagua ile inayomrudisha mtoaji kwa mtu yule yule.

Kabla ya kulinganisha njia, tutazame watu wenyewe, kwa kuwa neno "wasio na makao" linafunika watu wasiofanana hata kidogo. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 iliwapata watu 46,639 katika Kenya nzima, lakini hesabu hiyo haimwambii muumini anayetoka ibada ya kwanza kuwa aliyekaa mbele yake ni nani. Mjini Malindi anaweza kuwa kijana aliyenaswa na unga, yaani heroini, yule ambaye watu humwita teja na kumpita. Anaweza kuwa kibarua aliyetoka bara kutafuta kazi ya hoteli, msimu wa watalii ukaisha mwezi wa Aprili kabla hajaweka akiba ya nauli. Anaweza kuwa mama aliyefukuzwa katika ndoa, akiwa na mtoto mgongoni. Anaweza kuwa mgonjwa wa akili ambaye jamaa zake walichoka. Na anaweza kuwa mzee aliyekimbia kijiji chake kwa kuwa mvi zake zilitosha kumfanya mchawi machoni pa vijana wanaotaka shamba. Msaada unaomfaa mmoja wao unaweza kumdhuru mwingine, na kwa sababu hiyo siamini kwamba kuna njia moja iliyo bora kwa wote.

Pesa mkononi

Njia ya kwanza ndiyo nyepesi na ndiyo inayolaumiwa zaidi. Faida yake kubwa ni kwamba haina mlolongo: mtu ana njaa sasa, wewe una shilingi 50 sasa, na kati yenu hakuna fomu wala kamati. Ina heshima pia, kwa sababu mpokeaji ndiye anayeamua kama anahitaji chai, dawa ya kikohozi au nauli ya kwenda Gede kumwona ndugu yake. Mji wetu umeizoea njia hii. Siku ya Ijumaa wenye maduka Waislamu huweka sarafu tayari kwa ajili ya maskini watakaopita mlango kwa mlango, na sisi Wakristo, tunaopenda kusema kwamba hatujui tuanzie wapi, tungeweza kujifunza kwa majirani zetu walau huo utaratibu wa kutenga kabla ya kuombwa.

Lawama inayotolewa kila mara ni kwamba pesa hizo zitaishia kwenye unga au pombe ya mnazi. Papa Fransisko aliulizwa swali hilo mwaka 2017 na gazeti la Milano linalouzwa na watu wasio na makao, na jibu lake lilikuwa kwamba kumsaidia anayeomba ni sawa siku zote, ila namna ya kumpa ina uzito wake: umtazame machoni na kumgusa mkono, usimtupie sarafu huku umegeuza uso. Nakubaliana naye kwa jambo la uso. Kwa jambo la "siku zote" naweka mpaka mmoja, nao unatokana na mambo ya hapa kwetu. Kijana anayetumia heroini hana hiari ya kweli juu ya noti uliyompa; hiari hiyo imekwisha kuchukuliwa. Tangu mwaka 2015 Malindi ina kliniki inayotoa methadoni, dawa ya kumwachisha mtu heroini, na aliye katika tiba hiyo kwa kawaida anatakiwa kufika kila siku kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Kwake yeye, kulipiwa tuktuk ya asubuhi na kununuliwa kifungua kinywa ni msaada mkubwa kuliko noti ya shilingi 200 jioni, hata kama thamani yake kwa fedha ni ndogo zaidi. Na kwa yule ambaye bado hajaanza tiba, mtu anayemjua kwa jina na kumpeleka hadi mlangoni ana thamani kuliko fedha za wapita njia wote wa mwezi huo.

Kasoro ya pili ya pesa mkononi haitajwi sana, nayo ni usalama. Anayelala nje hana mfuko usiofikiwa, kwa hiyo akipewa kingi kwa mara moja ataporwa kabla ya alfajiri, na wakati mwingine ataumizwa. Kwa hiyo ukitoa kwa njia hii, toa kidogo, toa mchana, na toa tena. Kwa upande wa muda, sarafu inaishia jioni ile ile. Kwa upande wa mtoaji haimdai karibu chochote, na huo ndio mtego wake: inawezekana kutoa hivyo kwa miaka mingi bila kujua hata jina la mtu mmoja.

Chakula

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. Kuna karamu ya siku moja, na kuna mlo wa kila siku.

Karamu tunaifahamu. Kikundi cha kanisa kinachanga, sufuria za pilau zinapakiwa kwenye tuktuk, watu wanapangwa mstari, picha zinapigwa, na jioni kundi la WhatsApp linajaa shukrani. Sisemi kwamba mlo huo ni bure, kwa kuwa aliyekula amekula, na mtoto aliyeonja nyama siku ya Krismasi ana haki ya furaha hiyo kama mtoto mwingine yeyote. Tatizo ni kalenda. Karamu hizi hujazana mwezi wa Desemba, wakati hoteli zimejaa, vibarua vinapatikana na hata mabaki ya jikoni ni mengi, kisha hutoweka kabisa kuanzia Aprili hadi Juni, mvua za masika zinaponyesha na hoteli nyingi zimefungwa. Yaani tunalisha zaidi pale njaa ilipopungua. Kanisa Katoliki huadhimisha Siku ya Maskini Duniani kila mwezi wa Novemba tangu mwaka 2017, na ni jambo jema, lakini kwa Malindi ningependekeza mwezi wa Mei uwe na siku yake pia. Kuhusu picha, Mathayo 6:3 inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Simu ya mkononi nadhani inahesabiwa kuwa mkono wa tatu.

Mlo wa kila siku ni jambo jingine, na mfano wake bora nimeuona kwa mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi si mbali na stendi. Nyuma ya beseni lake, chini ya kitambaa anachofunikia mahamri, kuna daftari la shule lenye kurasa zilizoloa mafuta. Ukurasa mmoja una majina machache, mengine ni ya utani tu, na mbele ya kila jina kuna vijiti vya kalamu vilivyokatwa kwa mafungu ya tano. Waumini kadhaa humlipa mapema, na kila mtu mwenye jina akifika asubuhi anapewa mahamri mawili, mbaazi na chai ya rangi, kijiti kinakatwa, basi. Hakuna mstari wala hotuba. Mlaji anakaa kwenye benchi lile lile wanalokaa madereva wa bodaboda, na asiyejua mpango huo hawezi kutambua ni nani aliyelipa mwenyewe na ni nani aliyelipiwa.

Huo ndio utaratibu wa Msamaria Mwema, ingawa mahubiri mengi huishia pale alipofunga majeraha. Luka 10:35 inaendelea: siku ya pili alitoa dinari mbili, sawa na ujira wa siku mbili wa kibarua wa wakati ule, akampa mwenye nyumba ya wageni na kumwambia amtunze yule mtu, na chochote atakachogharimiwa zaidi atamlipa atakaporudi. Alimtumia mtu mwenye biashara yake, akaweka ahadi ya kurudi. Mama wa mahamri naye hapotezi chochote. Anapata mteja wa uhakika hata wakati mji umelala. Na kwa kuwa anawaona watu hao kila asubuhi, yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba fulani hakufika kwa siku mbili na kwamba huenda ni mgonjwa. Karamu haiwezi kukupa habari hiyo.

Ukilinganisha sarafu na mlo wa kila siku, mlo unashinda kwa muda na kwa usalama, na unashindwa kidogo kwa uhuru, kwa sababu asiyependa mbaazi hana la kuchagua. Vyote viwili, hata hivyo, vinamwacha mtu pale pale alipolala jana. Yakobo anauliza yafaa nini kumwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," bila kumpa mahitaji ya mwili. Mlo unajibu nusu ya swali hilo. Kuota moto, yaani kuwa na mahali, bado.

Mfuko wa kanisa

Wengine watasema: mimi nimekwisha kutoa sadaka Jumapili, kanisa lishughulike. Hoja hiyo si uvivu mtupu. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inaeleza jinsi kanisa la kwanza lilivyowachagua watu saba wasimamie huduma ya kila siku, baada ya wajane wa Wayahudi wa Kiyunani kusahauliwa katika mgawo. Mitume walitambua kwamba wema usio na msimamizi humfikia anayepiga kelele na humpita aliyenyamaza. Mfuko wa kanisa unaweza pia kufanya mambo ambayo muumini mmoja hayawezi: kuzungumza na chifu, kusimamia bili ya hospitali, kumtafuta ndugu wa mtu kupitia parokia nyingine, na kuendelea hata muumini mwenye moyo anapohamia Mombasa. Katika desturi ya Kikatoliki kuna hata sanduku la mkate wa Mtakatifu Antoni, sadaka inayotolewa mahususi kwa ajili ya maskini, na kwa kuwa kanisa kuu la Jimbo la Malindi lina jina la Antoni wa Padua, itakuwa ajabu kama desturi hiyo itakuwa ngeni kwetu.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba fedha za maskini hushindana na fedha za ujenzi, na ujenzi una harambee, una mgeni wa heshima na una mchoro uliobandikwa ukutani, ilhali maskini hana mchoro. Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, alikwisha kuhubiri kwamba haifai kuijaza meza ya Kristo vikombe vya dhahabu wakati yeye mwenyewe anakufa kwa njaa katika mwili wa maskini, kwa hiyo tatizo hilo ni la zamani na halikuletwa na kamati zetu. Udhaifu wa pili ni "wetu kwanza". Wagalatia 6:10 husomwa kwa haraka kutoka katikati, "hasa jamaa ya waaminio", na kusahau kwamba kabla ya hapo imeandikwa "na tuwatendee watu wote mema". Malindi ni mji wenye Waislamu wengi. Mtu anayelala kibarazani anaweza kuwa Omari kama anavyoweza kuwa Yohana, na mfuko unaodai kadi ya ubatizo kabla ya kutoa blanketi umeacha kuwa sadaka na umekuwa posho ya wanachama.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Malindi hawezi kuliruka. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola ulio ndani ya eneo letu, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na wengi wao walikuwa wameacha kazi na kuuza walivyokuwa navyo ili kumfuata mhubiri. Baada ya hayo, muumini anayeuliza sadaka yake inakwenda wapi hana upungufu wa imani. Uliza nani anaweka hesabu, uliza hesabu hiyo husomwa lini na mbele ya nani, na uliza mara ya mwisho fedha hizo zilimfikia mtu asiye mshiriki ilikuwa lini. Kiongozi anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kukujibu.

Ndani ya kanisa lenyewe, mimi naona jumuiya ndogo ndogo ikiwa mahali pazuri kuliko ofisi ya parokia. Jumuiya hukutana nyumba kwa nyumba, katika Maweni, Muyeye, Barani au Kisumu Ndogo, na wanajumuiya wanajua ni mlango gani una mzee anayelala nje kwa kuwa mkwe hamtaki. Watu kumi wakitoa shilingi 300 kila mmoja wamepata zile 3,000 bila mtu kuumia, na hapo ndipo njia ya nne inapowezekana hata kwa wachuuzi wa samaki na mafundi cherehani. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na Paulo aliwaandikia Wakorintho jambo la jamaa hiyo hiyo, kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo.

Kodi ya chumba

Isaya 58:7 haisemi tu kuwagawia wenye njaa chakula, inaongeza, "na kuwaleta maskini waliotupwa nje nyumbani kwako." Ni wachache miongoni mwetu wenye chumba cha ziada, na walio na watoto wadogo wana sababu ya kusita. Basili, askofu wa Kaisaria katika karne ya nne, alilijibu agizo hilo kwa kujenga nje ya mji wake makao ya wasafiri, wagonjwa na maskini. Mtu wa kawaida wa Malindi hawezi kujenga, lakini kupanga anaweza.

Hii ndiyo njia ghali kuliko zote na ndiyo inayobadilisha maisha kuliko zote, kwa hiyo inafaa kuielewa kwa undani. Kodi yenyewe ni sehemu tu ya gharama. Mwenye nyumba atataka mwezi wa kwanza pamoja na amana, na atataka kujua nani anawajibika mpangaji akigombana na wenzake. Kisha chumba kitupu hakikaliki. Mtu aliyekuwa akilala juu ya maboksi anahitaji mkeka au godoro, shuka, neti ya mbu, ndoo ya maji, sufuria, kikombe, na kabla ya vyote hivyo anahitaji kufuli. Watoaji wengi husahau kufuli. Bila kufuli, mpangaji mpya hawezi kutoka kwenda kutafuta kibarua, kwa kuwa akirudi atakuta ukuta mtupu, na atakuwa amefungwa na chumba badala ya kusaidiwa nacho. Hesabu ya mwezi wa kwanza kwa hiyo huwa mara mbili au tatu ya miezi inayofuata, na jumuiya isiyojiandaa kwa hilo huvunjika moyo kabla haijaanza.

Je, kodi ipelekwe kwa mwenye nyumba au apewe mpangaji ailipe mwenyewe? Kumtumia mwenye nyumba kwa M-Pesa kuna uhakika. Kumpa mpangaji kuna heshima. Mimi ningeanza na la kwanza kwa miezi miwili au mitatu, kisha nihamie la pili mbele ya mashahidi wa jumuiya, na kila mwezi mpangaji achangie kitu, hata kiwe shilingi 200 alizopata kwa kubeba mizigo sokoni, kwa sababu siku msaada utakapokoma atakuwa amekwisha kuzoea kazi ya kuwa mpangaji. Jambo la lazima ni kutaja muda tangu mwanzo. Ahadi ya miezi sita inayotimizwa ni bora kuliko ahadi isiyo na mwisho inayokatika mwezi wa nne, mpangaji akarudishwa kibarazani huku majirani wakitazama. Aibu hiyo ni nzito kuliko ya kwanza.

Chumba pia kinafungua milango ambayo sarafu haiwezi kuifungua. Mwenye anwani anaweza kutambuliwa na mzee wa mtaa, na anayetambuliwa anaweza kufuatilia kitambulisho kilichopotea. Mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na ingawa pengine hulipwa kwa kuchelewa, kwa mzee anayelala nje ni fedha ambazo hawezi hata kuziomba bila kitambulisho. Muumini atakayepoteza asubuhi mbili kumsindikiza mzee katika ofisi za serikali, akamsalimu shikamoo na kumsomea fomu, anaweza kuwa amemfungulia fedha za kudumu bila kutoa mfukoni zaidi ya nauli. Naihesabu huduma hiyo kuwa sehemu ya kodi, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuilipa baadaye.

Ndugu wa njia hii ni nauli ya kurudi nyumbani. Kwa kibarua aliyekwama baada ya msimu, tiketi ya basi ndiyo msaada wa bei nafuu na wa kudumu kuliko wote, mradi upige simu kwanza na usikie sauti ya mtu anayemsubiri. Bila simu hiyo, tiketi inakuwa njia ya kuusafisha mji kwa kumtupa mtu katika mji mwingine. Na kwa mzee aliyekimbia tuhuma za uchawi, nauli ya kumrudisha kijijini ni hatari kwa maisha yake. Wazee wa namna hiyo wamekuwa wakipewa hifadhi Kaya Godoma huko Ganze, na wanachohitaji ni chakula, dawa na watu wa kuwatembelea. Mkristo anayetaka kutoa kwa wingi na hajui kwa nani, aanzie huko, kwa kuwa wazee hao hawaji mjini kuomba.

Watoto

Hapa nitakuwa mfupi. Malindi, kwa sababu ya wageni wake, imekuwa na makao mengi ya watoto, na kumpeleka mtoto huko au kupeleka fedha huko huonekana kuwa sadaka isiyo na dosari. Lakini serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia, za damu au za walezi, kwa sababu watoto wengi walio katika makao wana jamaa walio hai ambao tatizo lao ni umaskini. Fedha zile zile zikipelekwa kwa nyanya anayewalea wajukuu zitawazuia kuingia mtaani. Mtoto anayelala nje usimpe pesa na usimchukue kwako kimya kimya. Mpe chakula, kisha mwarifu afisa wa watoto au piga simu 116, ambayo ni ya bure.

Uamuzi

Ikiwa una shilingi 3,000 na uko peke yako, ningezigawa hivi: sehemu kubwa iende kwenye daftari la mama wa mahamri au wa kibanda kingine unachokiamini, kwa jina la mtu mmoja au wawili unaowajua, na kiasi kidogo kibaki mfukoni kwa ajili ya anayeomba leo na hawezi kusubiri utaratibu wako. Usijaribu kodi peke yako kama kipato chako ni cha msimu, kwa kuwa mwezi wa Mei utakushinda na mpangaji wako ndiye atakayelipa. Ikiwa mko kumi katika jumuiya, acheni karamu ya Desemba na mchukue chumba kimoja, kwa mtu mmoja, kwa miezi sita, na aliye wa kwanza awe mama mwenye mtoto, kisha mzee, kisha kijana aliye katika tiba, kwa kuwa hatari ya kulala nje haiwaangukii sawasawa. Ikiwa una fedha nyingi lakini huna muda, mfuko wa kanisa unaokubali maswali utakufaa kuliko kujitosa mwenyewe, na uandike kwa maneno kwamba ni kwa ajili ya wasio na makao wa dini yoyote. Ikiwa huna fedha lakini una muda, ofisi ya vitambulisho inafunguliwa asubuhi.

Na kama mtalipa kodi, ilipeni kabla ya tarehe tano, kwa sababu mwenye nyumba akianza kugonga mlango huo, atakayegongewa si ninyi.